Mwaka wa Vitabu vya Kuazima

Walisema sitaweza. Naanzia hapo kwa sababu ninyi vijana mnaorithi meza yangu mmeikuta maktaba hii ya Mbeya imesimama, na mtu akikuta kitu kimesimama hudhani kiliota chenyewe.

"Watasokotea tumbaku," alisema Mwalimu Mdemu, aliyenifundisha darasa la tano kule Iringa. Alikuwa ameketi barazani kwake Ipogolo, mguu juu ya mguu. "Karatasi za vitabu vya hadithi ni nyembamba, zinasokoteka vizuri sana. Zile nene watafungia karanga." Mjomba wangu alisema watu wa Mbeya wana redio, kitabu cha nini? Karani mmoja jirani yetu alisema kama nilikwenda Ulaya kusomea kupanga vitabu kwenye rafu basi nimepoteza nauli, kwani mke wake anapanga sahani kabatini kila siku na hajawahi kupanda ndege.

Nimestaafu mwezi uliopita nikiwa na miaka sabini na minne. Maktaba ipo. Nasema tu.

Vyeo na mishahara sitaviandika, havina utamu. Nataka niandike mwaka wa kwanza, miaka ya sabini ilipokuwa katikati, kwa sababu ya yale mabishano yenu siku mliponiandalia chai ya kuniaga. Mlibishana kama watu wasomee simu au karatasi. Mmoja wenu akatoa hukumu kwamba wazee wanapenda karatasi kwa kuwa ndiyo waliyoizoea. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na keki mdomoni. Sasa nimeshaimeza.

Nilirudi nchini na stashahada ya ukutubi, niliyoipata kwa mikono hii. Mchana nilisoma, jioni niliosha masufuria kwenye hoteli moja katika mji wenye moshi na mvua isiyokoma. Hakuna aliyenisomesha. Aliyenifundisha kazi yenyewe, mbali na mitihani, alikuwa mama mmoja mkutubi, mzee, mfupi, aliyenipiga vidole kwa rula nilipofungua kitabu kipya kwa nguvu. Kitabu kipya unakisimamisha mezani kwa mgongo wake, unalaza jalada la huku na la huku, kisha unabonyeza kurasa chache kutoka kila upande hadi ufike katikati. Ukikivunja mgongo siku ya kwanza, mwaka haujaisha unaokota kurasa sakafuni. Bado nawaona mnavifungua kama mnachana kuku.

Chumba nilikipata Ilomba, mjini Mbeya. Kilikuwa stoo ya pareto, na kwa miezi miwili kila aliyeingia alipiga chafya kabla ya kusalimia. Nilipanga mbao juu ya matofali, nikapaka chokaa, nikachonga muhuri wangu mwenyewe. Kitu kimoja tu kilikosekana, nacho ni vitabu. Bwana elimu wa wilaya alinisikiliza vizuri. Akasema serikali haiwezi kumwaga vitabu mahali ambapo haijulikani kama vitarudi. "Azima vya watu," aliniambia. "Ukiviendesha mwaka mzima, na vyote vikarudi kwa wenyewe, mimi mwenyewe nitakuandikia barua ya kupewa vya kudumu. Kikipotea kimoja, tusisumbuane."

Nikaenda kuazima Iringa, si Mbeya. Mbeya hawakunijua. Iringa walinijua, na zaidi ya hapo walijua mahali pa kumpata mama yangu. Watu tisa walinipa vitabu. Padri mmoja mzee kule Tosamaganga alinijazia sanduku zima na kuniombea. Wa mwisho alikuwa Mwalimu Mdemu yuleyule wa tumbaku. Alinipa vitabu arobaini, na juu yake kile alichokipenda kuliko vyote, kitabu kinene cha magonjwa ya ng'ombe chenye picha. Kila pembeni mwa ukurasa alikuwa ameandika maoni yake kwa mwandiko wa ualimu ulionyooka kama mistari ya mahindi.

"Nakupa hiki makusudi," alisema. "Mwisho wa Juni nakitaka hapa. Usipokileta, nitajua nilikuwa sahihi, na sitaazimisha mtu kitabu tena hadi nife."

Vyote nilivivika majalada ya karatasi ya mifuko ya saruji. Reli mpya ilikuwa inajengwa, na mifuko mitupu haikukosekana. Gundi nilipika kwa unga wa ngano na chumvi kidogo ili mende wasiile.

Pamoja na vitabu nilikuwa na silaha ya kisasa, redio kaseti niliyorudi nayo kutoka ng'ambo, ambayo inanasa sauti. Mpango wangu ulikuwa wa kitaalamu. Vijana waliotoka shule watasoma vitabu. Wazee, ambao wengi ndiyo kwanza wamejua herufi kwenye madarasa ya kisomo cha watu wazima, watasikiliza kaseti. Nikasoma vitabu vitatu vizima kwenye ile mashine, kwa sauti ambayo nasikitika hamkuisikia.

Siku ya kufungua walikuja watu kama thelathini. Mstari wa mbele nikawakalisha wazee, nikabonyeza kitufe. Mzee Masanja alikuwa amekaa karibu zaidi. Huyu alikuwa mfugaji aliyehama na ng'ombe wake kutoka kaskazini hadi bonde la Usangu. Miezi ile alikuwa kwa binti yake Ilomba akimuuguza mkewe, na hapohapo akajiandikisha kisomo. Alisikiliza kidogo, akainua mkono.

"Mwambie asubiri. Pale aliposema kwato, sijaelewa."

"Hawezi kusubiri, mzee. Ni mashine."

"Basi hana adabu."

Watu wakacheka. Mama Tusekile, muuza viazi, mjane mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto, akasimama na kuelekea kwenye rafu. "Huyo wa ndani anasoma yeye," alisema. "Mimi nimekuja kusoma mimi. Hebu nipe kile chenye herufi kubwa, Bwana Diploma."

Hapo ndipo nilipopata jina. Halikutolewa kwa heshima, lakini nililichukua hivyohivyo.

Wazee wote wakahamia kwenye rafu. Waliovutia viti kuzunguka mashine ni vijana. Kiongozi wao alikuwa Ambakisye, fundi redio wa sokoni, mwenye cheti cha kidato cha nne.

"Ninyi mnajua kusoma vizuri," nilimwambia. "Nimewawekea vitabu vya kutosha."

"Kaka, kwa sababu ya karatasi nimekula fimbo miaka kumi na moja," alisema. "Wewe nipe hiyo inayosema."

Utaalamu wangu wote ukawa umegeuka juu chini kabla ya saa sita mchana. Sikuonesha usoni. Nikatangaza kwamba ndivyo nilivyotarajia, nikaanza kuazimisha: wazee vitabu, vijana kaseti. Kanuni ilikuwa moja, siku kumi na nne, kisha urudishe.

Kaseti zilirudi. Vitabu havikurudi.

Mwezi wa kwanza sikujali. Mwezi wa pili nikaanza kuhesabu. Krismasi ilipopita na mvua kukolea, rafu zangu zilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka saba. Mzee Masanja mkewe alikuwa amepona, wakarudi Usangu, na kile kitabu cha ng'ombe cha Mwalimu Mdemu, alichokuwa amekiazima, kikaenda nao. Mama Tusekile, aliyekuwa akinisalimia kila asubuhi, siku moja aliniona kwa mbali akakata kona na kuingia katikati ya mahindi ya watu. Nilisimama njiani nikitazama kilemba chake kikielea juu ya majani. Nikajua ni wizi. Niliona kabisa, kama alivyosema Mwalimu Mdemu, mtu akiwasha msokoto wa hadithi.

Basi nikafanya kitendo ambacho nakiandika hapa ili msikifanye. Nilichukua karatasi kubwa, nikaandika majina ya wote waliopitisha siku kumi na nne, nikaibandika ukutani nje, upande wa barabara. Nilitumia wino mwekundu. Mwandiko ulikuwa mzuri mno.

Kesho yake hakuja mtu. Keshokutwa hakuja mtu. Wiki nzima nilikaa na muhuri wangu. Aliyeingia mwishowe ni Ambakisye, akairudisha ile redio kaseti aliyokuwa ameiazima. Aliiweka mezani, akatoka bila kukaa. Nikabonyeza kitufe ili nihakikishe inafanya kazi. Sauti yangu haikuwemo. Alikuwa amerekodi juu yake, usomaji wa siku mbili umefutika. Kabla sijamfuata nimkamate shati, ikatoka sauti ya Mama Tusekile.

"Inanasa? Haya. Bwana Diploma, mimi ni Tusekile uliyeniandika ukutani kama mwizi wa kuku. Nakuuliza. Wewe ukiazima ungo kwa jirani, unaurudisha mtupu? Kwenu ndivyo mlivyolelewa? Kitabu chako nimeshakimaliza mara mbili. Kipo juu ya kabati, nimekifunika kitambaa. Lakini sasa ni kiangazi cha tumbo, viazi bado, maharage bado, ndani nina chumvi. Nikuletee kitabu na chumvi? Nilikuwa nakukwepa kwa aibu, wewe unasema naiba. Ambakisye, zima hiyo kitu, nisije nikasema mengine."

Halafu akafuata mzee mwingine, na mwingine. Ambakisye alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba. Maneno yalikuwa hayohayo: kitabu kipo salama, mikono ndiyo mitupu, subiri mavuno.

Niliizima ile mashine. Nilikumbuka mama yangu akinituma Ipogolo kurudisha ungo wa jirani, na kila safari juu yake kuna kitu, mayai mawili, konzi ya unga, hata mboga iliyochumwa njiani. Nimezaliwa nalo hilo. Nililiacha mahali fulani katika masufuria ya wale watu wa ng'ambo, na stashahada yangu haikuwa na somo la kunikumbusha.

Karatasi ya ukutani niliibandua mchana, barabarani kukiwa na watu, ili waone. Kisha nikaenda kwa Mama Tusekile. Nilimkuta anamenya mbaazi mbichi, chache, za kuhesabika.

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

"Keti. Usiandike kitu."

"Sikuja na daftari."

"Umekuja na nini?"

Nilikuwa nimekuja na nusu kilo ya sukari. Akaipokea, akaipima kwa mkono, akasema, "Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, na baada ya kunitazama kidogo akaongeza, "Angalau umeanza kurudi kutoka Ulaya."

Nikamweleza lililonikaba. Vitabu si vyangu, ni vya watu tisa, na mwisho wa Juni lazima viwe Iringa, la sivyo chumba kinafungwa. Alisikiliza hadi mwisho. "Maharage yanatoka Mei," alisema. "Ungesema tangu mwanzo."

Na Mei ikafika. Nasema kwa fahari, hakuna mkutubi yeyote mnayemjua aliyepokea vitabu namna ile. Kila kitabu kilikuja na kitu. Maharage, viazi, mbaazi, ndizi, jogoo mmoja aliyekaa siku mbili kwenye rafu ya historia. Niliacha kupiga muhuri nikanunua mizani. Vitabu vyenyewe vilikuwa safi kuliko nilivyovitoa. Walikuwa wamevifunga vitenge, wameviweka juu mbali na watoto na moshi. Hakuna ukurasa hata mmoja uliosokotwa. Walivisoma kwa kidole, neno kwa neno, na waliniambia yaliyomo hadi nikachoka.

Sasa nirudi kwenye keki yenu. Mnasema wazee hupenda karatasi kwa mazoea. Wale wazee hawakuwa na mazoea yoyote na karatasi. Kwao kitabu ndicho kilikuwa kitu kipya cha ajabu, walikipata na mvi kichwani, na hawakutaka mtu wala mashine iwasomee jambo walilolisubiri miaka hamsini. Redio walikuwa wameshaizoea. Waliochoka na karatasi walikuwa vijana, kwa kuwa walilazimishwa. Nimekaa kwenye kazi hii hadi vijana wale wakawa wazee, na Ambakisye leo ana miwani mizito na anasoma kwenye simu ya mjukuu wake, kwa sababu anaweza kukuza herufi. Kwa hiyo anapoingia msomaji, usimtazame umri ukaamua. Muulize ananyimwa nini na nini kimemchosha. Nilifanya hivyo maisha yangu yote na sikukosea sana.

Ilipofika wiki ya mwisho ya Juni kilibaki kitabu kimoja, na mnakijua. Nilikuwa nimetuma salamu Usangu kwa madereva watatu wa malori ya mpunga. Jibu halikuja. Nilifunga vitabu vingine vyote kwenye masanduku, nikakata tiketi ya basi ya kesho yake asubuhi, nikawa natunga maneno ya kumwambia Mwalimu Mdemu. Sikupata hata sentensi moja, mimi ninayejua kusema.

Alasiri ile lori likasimama nje. Mzee Masanja akashuka taratibu, vumbi hadi kwenye kope. Kwapani alikuwa na kitu kilichofungwa kwenye ngozi ya ndama, na nyuma yake utingo alikuwa amebeba debe.

"Ulipata salamu zangu, mzee?" nilimuuliza kabla hata ya shikamoo.

"Nilizipata zote tatu. Watu wako wana haraka."

"Mbona hukuja?"

"Debe lilikuwa halijajaa." Akalionesha kwa kidevu. Lilikuwa la samli, limejaa hadi mdomoni. "Kitabu kile ni kikubwa. Ulitaka nikirudishe na kikombe?"

Niliifungua ile ngozi. Kitabu kilikuwa kizima, kinanuka moshi wa zizini. Nikakifungua katikati. Chini ya maandishi ya Mwalimu Mdemu, kwa penseli, kulikuwa na herufi kubwa zilizopinda, ukurasa baada ya ukurasa.

"Mzee, umeandika ndani ya kitabu cha watu."

"Yule mwenyewe alianza," alisema. "Nilikuwa namjibu. Nakaa na ng'ombe mgonjwa hapa, kitabu hapa, natazama picha, namtazama ng'ombe. Pengine yeye kasema kweli, pengine hapana. Nisimwambie?"

Nisingeweza kuyafuta, karatasi ingechubuka. Nikakifunga kama kilivyo. Mzee Masanja akaniomba jambo moja tu, samli niifikishe kwa mwenye kitabu mwenyewe, na debe lirudi.

Siku iliyofuata nilifika Iringa na masanduku ya vitabu, magunia mawili ya vyakula na debe. Nilizunguka nyumba moja baada ya nyingine, na hakuna niliyemrudishia mikono mitupu. Padri wa Tosamaganga alipata maharage na akahesabu vitabu vyake mara mbili, kisha akacheka peke yake. Yule karani, ambaye hakuniazima kitu, alisimama mlangoni akitazama magunia yakipita. Nilimwamkia kwa sauti ya juu.

Mwalimu Mdemu nilimwacha wa mwisho. Alikuwa barazani, mguu juu ya mguu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kamwene, kijana," aliongeza salamu ya Kihehe. "Karanga zimefungwa?"

Nilifungua sanduku. Nilipanga vitabu arobaini mbele yake, na juu nikaweka kile kinene. Alikichukua, akakifungua. Nikaona jicho lake likisimama. Alikuwa ameandika dawa fulani ya kuhara kwa ndama, na chini yake, kwa zile herufi kubwa, palikuwa na maneno: HAPANA. NIMEJARIBU. ALIKUFA.

Akafungua mbele. HII KWELI. Mbele tena. KWELI LAKINI SI WAKATI WA MVUA. Akasoma vile kwa muda uliomtosha mkewe kuchemsha chai na kuileta. Nilikuwa nimeshajiandaa kusemwa.

"Nani huyu?"

"Ni mfugaji wa Usangu, Mwalimu. Kuandika amejifunza mwaka jana."

"Ana ng'ombe wangapi?"

"Watu wa ng'ombe hawasemi. Ni wengi."

"Mimi nilikuwa nao wawili," alisema Mwalimu Mdemu. Akarudi kwenye ukurasa wa yule ndama, akautazama tena. "Na hii dawa sikuwahi kuijaribu. Nilinakili mahali."

Nilimkabidhi samli, nikamwambia debe linatakiwa kwa mwenyewe. Akaita mkewe, wakaigawa samli kwenye vyungu, mama akalisuuza debe kwa maji ya moto na kuliweka juani. Tulikunywa chai. Sikusema neno lolote kuhusu tumbaku, na ninyi mnaonijua mtakubali kwamba huo ulikuwa ushindi mkubwa wa siku hiyo.

Debe lilipokauka aliingia nalo ndani. Alikaa sana. Alipotoka alikuwa amelikumbatia kwa mikono miwili, mgongo umepinda, akalitua miguuni pangu. Lilikuwa limejaa vitabu vyake, vilivyosimamishwa kwa mgongo jinsi inavyotakiwa, na juu kabisa kile cha magonjwa ya ng'ombe, penseli mpya ikiwa imechomekwa katikati.

"Hivi si vya kuazima," alisema. "Hiki mpe yule bwana. Mwambie bado sijamaliza kubishana naye."